Sera ya Mashine Moja

Kompyuta ishirini na mbili zilitii. Ya ishirini na tatu ilikataa.

Somoe Isihaka aliitazama ile orodha kwenye kioo cha kompyuta, ofisini mjini Mtwara, akaisoma tena kutoka juu mpaka chini. Alikuwa fundi wa mitandao wa shirika moja la afya ya mama na mtoto, lenye kliniki kuanzia mjini mpaka Mpapura kwenye mikorosho, mpaka Msimbati ambako ardhi inaishia. Juma lile makao makuu ya Dar es Salaam yalikuwa yametoa sera mpya: kompyuta ikiachwa dakika tano ijifunge yenyewe, na kila anayeiwasha akutane kwanza na tangazo la kumkumbusha kwamba habari za mgonjwa ni siri. Sera za namna hiyo hazibandikwi kwenye mashine moja moja. Huandikwa mara moja tu kwenye mtambo mkuu, na kompyuta zenyewe huja kuzichukua, kila baada ya saa moja na nusu hivi, kama watu wa ua mmoja wanaochota kwenye mtungi mmoja. Asiyetaka kungoja hufungua lile dirisha jeusi la maandishi, akaandika maneno mawili, gpupdate /force, na mashine huinuka pale pale kwenda kuulizia amri mpya.

Somoe aliyapenda maneno hayo mawili. Alikulia Mikindani, katika nyumba ambayo neno lilizunguka ua mzima kabla ya kumfikia mwenyewe. Mama yake akikasirika aliosha vyombo vilivyo safi. Baba yake akiridhika alikohoa. Mtoto alikaa akisikiliza sauti za sufuria ili ajue kama leo kuna amani. Ndiyo maana, alipofika chuoni na kukutana na mashine inayoambiwa jambo kwa jina lake na kujibu ndiyo au hapana, alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Lakini ile ya Msimbati haikujibu ndiyo wala hapana. Kila alipoiita kutoka mjini ilikaa kimya. Bosi wake, Salumu, alipiga simu kutoka Dar es Salaam kumkumbusha kwamba mwisho ni Ijumaa. Kwa hiyo Jumatano asubuhi Somoe alipanda gari la shirika kwenda Msimbati, ambako hakuwahi kufika, akaketi kando ya maboksi ya chanjo, na dereva Josephu akashika barabara ya kusini.

Ulikuwa mwezi wa nane. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na harufu yake tamu, nzito kidogo, iliingia kwa madirisha ikawafuata mpaka Madimba. Baada ya hapo njia ikawa mchanga. Josephu alisimama, akapunguza upepo kwenye matairi yasizame mchangani, na walipoondoka tena gari halikuwa na kishindo. Lilikuwa linaelea, likiyumba huku na huku taratibu katikati ya minazi. Somoe alihisi macho yake yanazama. Aliona, au alidhani ameona, wanawake wanatembea juu ya bahari, wadogo kama sisimizi, vikapu vichwani. Alipojikaza kutazama akakumbuka kwamba ni maji kupwa, na wale walikuwa wanachokoa pweza kwenye miamba. Hata hivyo ile picha ya kwanza haikumtoka.

Kliniki ya Msimbati ni nyumba nyeupe yenye baraza ndefu, na nyuma yake kuna miti ya mivinje ambayo haiachi kuvuma. Siku ile kusi, ule upepo wa kutoka kusini, lilikuwa kali. Lilipinda minazi upande mmoja, likatimua mchanga mpaka mlangoni, na nje ya mwamba mawimbi yalikuwa yakivunjika meupe. Akina mama kumi na wawili walikuwa wameketi na watoto wao wakingoja kupima uzito. Muuguzi mkunga wa pale, Rukia, ambaye kijiji kizima kilimwita Sista, alimpokea Somoe kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mtoto. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mjane wa muda mrefu, mrefu wa umbo, mwenye sauti ya chini. Alimwonyesha chumba cha kompyuta akamwomba radhi kwamba hatakuwa na nafasi ya kuongea mpaka foleni iishe.

Kompyuta ilikuwa kwenye meza iliyoelekea dirishani. Somoe aliiwasha. Kabla ya kuulizwa jina na nywila, kioo kikawa cha buluu tupu, na katikati yakatokea maandishi meupe:

*Sista, leo bahari imetulia. Kula kwanza, ndipo uanze.*

Somoe alinyanyua macho akatazama dirishani. Bahari ilikuwa inachemka. Akatazama tena kioo.

Alitoka barazani akamuuliza Rukia maneno yale yanatoka wapi. Rukia alikuwa anasoma mizani, hakugeuka.

"Hiyo ni salamu ya mashine," alisema. "Kwani zenu hazisalimu?"

Somoe akarudi ndani. Alifungua dirisha jeusi, akaandika maneno yake mawili, akangoja. Mtandao wa pale ulikuwa wa kifaa kidogo kilichofungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha ili kikamate mawimbi, na upepo ukikitikisa nao mtandao unatikisika. Mashine ikaandika kwamba inapokea sera. Ikabaki hapo. Mivinje ilivuma, mtoto akalia akanyamaza, mchanga ukapita sakafuni kwa mnong'ono, na kwa muda ambao Somoe hakuweza kuukadiria alikuwa hayuko macho wala hayuko usingizini. Katika hali ile aliona kompyuta zote ishirini na tatu zimeketi barazani kama akina mama wale, kila moja imepakata kitu chake, zinangoja kuitwa.

Aliposhtuka, mashine ilikuwa imeandika kwamba kazi imekamilika salama. Akaizima, akaiwasha. Kioo kikawa cha buluu. *Sista, leo bahari imetulia.*

Hapo ndipo alipokaa sawasawa. Mashine imekubali, na bado imekataa. Kuna amri ya pili ambayo fundi huitumia akitaka kompyuta imtajie sera zote inazozifuata na zilikotoka. Somoe akaiandika. Orodha ikashuka: sera ya nywila, sera ya mashine za kuchapia, sera mpya ya makao makuu, na mwisho kabisa jina ambalo hakuwahi kuliona: *Kusi*.

Alifungua kompyuta yake ya mkononi, akaingia kwenye mtambo mkuu, akaitafuta. Ilikuwepo. Ilikuwa imefichika ndani ya kikasha kidogo chenye mashine moja tu, hii ya Msimbati, na kwa kuwa ilifungwa karibu na mashine yenyewe, iliishinda ile ya Dar es Salaam iliyofungwa kwa mbali kwa ajili ya wote. Ndivyo mitambo ilivyo: neno la karibu lina nguvu kuliko la mbali. Ndani yake hapakuwa na kitu kingine. Hapakuwa na nywila, wala katazo. Sera nzima ilikuwa ile salamu.

Ilitungwa karibu miaka minne nyuma. Mara ya mwisho iliguswa miaka miwili iliyopita, juma moja kabla Somoe hajakabidhiwa kazi. Na mtambo, ambao hauhifadhi maneno ya zamani bali huhesabu tu mara ngapi yamebadilishwa, ulionyesha namba: sabini na nne.

Wakati ule aliyekuwa na funguo za mtambo alikuwa mtu mmoja tu, Asadi, fundi aliyemtangulia. Somoe alimkumbuka vizuri: mwanamume wa makamo, mkimya mno, aliyemzungusha siku tatu kliniki zote isipokuwa hii, akimwonyesha nyaya, kisha akamkabidhi daftari, akahamia Songea kufundisha chuoni. Katika daftari lile kila kitu kiliandikwa, mpaka soketi isiyofanya kazi. Kuhusu Kusi hapakuwa na hata herufi.

Mara sabini na nne. Karibu kila juma, mtu asiyesema alikaa ofisini mjini na kuandika salamu moja kwa ajili ya kioo kimoja.

Ingekuwa rahisi kuifuta kimya kimya. Rukia angewasha kompyuta kesho, angekuta tangazo la siri za wagonjwa, angedhani mambo yamebadilishwa huko juu kama yanavyobadilishwa siku zote. Somoe aliweka kidole juu ya kitufe. Akakumbuka vyombo safi vikioshwa Mikindani. Akakiondoa kidole.

Foleni iliisha saa saba. Rukia alileta ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa kwenye sinia, na chumvi pembeni, wakaketi mkekani wakimenya kwa vidole. Somoe alianza kwa mbali, akaona anafanya yale yale ya kwao, akasema moja kwa moja: kwamba mashine hazisalimu, kwamba hakuna kliniki nyingine yenye maneno yale, kwamba yaliandikwa na Asadi, kwa ajili ya chumba hiki peke yake.

Rukia aliendelea kumenya. Akamaliza mng'oko mmoja, akauweka bila kuula.

Kisha akaeleza, polepole, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Siku moja Asadi alikuja kutengeneza kompyuta, naye Rukia alikuwa ametoka kuzalisha usiku kucha, hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Akaona kizunguzungu, akashika meza, akaanguka. Alipofumbua macho Asadi alikuwa amepiga magoti na kikombe cha uji wa moto alichokipata sijui kwa nani. Hakusema neno. Alingoja mpaka uji umekwisha, akachukua mkoba wake, akaondoka. Juma lililofuata mashine ikaandika: *Sista, umekula?*

"Nikadhani ni mambo ya wafadhili," Rukia alisema. "Nikasema wazungu wametuletea programu ya kujali wafanyakazi."

Basi akawa anakula. Kila juma mashine ilimwambia jambo jipya: kuwa mwezi umeandama, kuwa mvua iko njiani, kuwa anayezaliwa pale ana bahati ya kupokelewa na mikono ile. Alizoea kuisoma amesimama, kikombe mkononi. Halafu siku moja maneno yakaganda. Leo bahari imetulia, na kesho, na kesho kutwa. Yakapita masika mawili na misimu miwili ya kusi, na kila siku bahari imetulia. Akafika mahali, alisema, akiamka na dhoruba nje alikuwa anawasha mashine kwanza, na akishasoma, ule mvumo wa mivinje humpungua masikioni. Alijua ni upuuzi. Alikuwa akiusoma tu.

"Sasa unaniambia ilikuwa barua."

"Ndiyo, dada."

Rukia akanyanyuka, akaenda mlangoni, akasimama akiitazama bahari na mgongo wake ukimwelekea Somoe. Aliposema tena sauti ilikuwa na ukali ambao Somoe hakuutegemea.

"Mtu mzima. Ana ulimi. Alikuwa anakuja hapa kila mwezi, anakaa kwenye kiti kile, namuuliza habari za mjini ananijibu nzuri. Halafu anakwenda kusema na mimi kupitia waya." Akashika mwimo wa mlango. "Nimesomewa moyo wa mtu miaka minne, mimi sijui hata kama naulizwa."

Ndani yake alijua kwamba Asadi alikosea pia kwa shirika, maana mtambo si karatasi ya mtu binafsi. Na alijua kwamba neno hilo, ingawa la kweli, halikuwa na mahali pa kukaa katika chumba kile. Alimwambia tu kwamba kazi yake leo ni kuiondoa, na kwamba hakutaka kuiondoa kabla ya kumweleza.

Rukia akageuka. Ukali ulikuwa umempungua, akaonekana amechoka na amekuwa mdogo kidogo.

"Iondoe," alisema. "Lakini mkono uwe wangu."

Somoe akaitoa ile sera kwenye kikasha chake, kwa kompyuta ya mkononi, kwa sababu hilo lilikuwa jukumu lake. Kisha akamketisha Rukia mbele ya mashine ya kliniki, akamfungulia dirisha jeusi, akamtajia yale maneno mawili herufi moja moja. Rukia aliandika kwa kidole cha shahada, akiisaka kila herufi na kuibonyeza kwa nguvu, kama anayetafuta mshipa. Alipofika mwisho akauliza kama kitufe hiki ndicho cha kuituma. Somoe akasema ndicho. Rukia akabonyeza.

Walingoja pamoja. Kifaa kilikuwa kinagonga nondo za dirisha, mwanga wa mchana ulipita kwenye pazia ukawa wa kijani, na chumba chote kilikuwa kama kiko chini ya maji. Somoe aliona midomo ya Rukia inacheza, anairudia ile salamu bila sauti. Au labda alikuwa anaomba dua. Mashine ikasema imekamilisha. Wakaizima, wakaiwasha, na kioo cha buluu kikatoa tangazo la Dar es Salaam, mistari minne iliyonyooka, isiyomwita mtu yeyote kwa jina.

Rukia aliisoma yote mpaka nukta ya mwisho.

"Haya," alisema. "Hii nayo ina maana yake."

Josephu alipopiga honi, Rukia alimsindikiza Somoe mpaka kwenye gari. Somoe alidhani ataombwa namba ya simu ya Asadi, na alikuwa ameshaamua kwamba hatampa mpaka amuulize mwenyewe. Rukia hakuomba namba. Alishika mlango wa gari, akasubiri Josephu azunguke nyuma kufunga maboksi.

"Mwambie," alisema, "kama ana la kuniuliza, njia ya Msimbati bado ipo."

Kesho yake Somoe aliandika taarifa fupi: kompyuta ya Msimbati ilikuwa na sera ya zamani iliyofungwa kwenye mashine moja, imeondolewa, zote ishirini na tatu zimepokea. Salumu aliuliza nani aliiweka. Somoe alimjibu ukweli, kwamba ni fundi wa zamani, na kwamba haikuwa na madhara kwa taarifa za wagonjwa. Salumu hakuendelea.

Kumpigia Asadi kulimchukua siku nne. Alifanya hivyo alasiri, ofisi ikiwa tupu, feni inazunguka. Alieleza yote bila kuzunguka.

"Iliendelea kuandika?" Asadi aliuliza.

"Mpaka Jumatano iliyopita."

"Nilijua utaifuta siku ya kwanza." Akavuta pumzi. "Nilikuachia wewe uifute. Mimi nilijaribu, mkono ukakataa."

Kisha, taratibu, yule mtu asiyesema akasema. Siku aliyoandika ya mwisho alikuwa huko huko Msimbati, amekwenda kuaga. Alikuwa amepanga maneno tangu Madimba. Akakuta baraza imejaa, Sista hana hata nafasi ya kunyanyua uso, naye akaona aibu kuwapita wagonjwa kwa jambo lake. Akaketi kwenye mchanga na kompyuta yake ya mkononi. Maji yalikuwa yamelala kama kioo. Akaandika alichokiona, akaondoka. Hakudhani kwamba atakuwa ameiacha siku moja isimame kwa miaka miwili.

Somoe akampa ujumbe wa Rukia, neno kwa neno. Asadi alishukuru, akamuuliza hali ya mtandao wa Mpapura, akaaga. Mwezi wa tisa ukapita bila habari.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mabibo ya kwanza yakianza kuiva, Asadi alishuka Mtwara na basi la Songea, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kushika furushi la maharage. Somoe alitafuta sababu ya kwenda Msimbati siku iliyofuata. Mashine ya kuchapia ya kule ilikuwa kweli inakwaruza karatasi. Njiani Asadi alitazama nje tu. Josephu, ambaye alikuwa hajaelezwa kitu, alimuuliza kama anakwenda msibani.

Walifika saa nne asubuhi na mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa umefungwa. Kulikuwa na binti wa kijiji, uzazi wa kwanza, tangu alfajiri. Mama yake aliketi barazani anavuta tasbihi. Asadi alisalimia, akaketi mwisho wa benchi, furushi mapajani. Saa tano ikapita, na saa sita. Somoe alimaliza kutengeneza mashine, akatoka akaketi karibu naye. Upepo ulikuwa umekwisha nguvu siku zile, joto limeanza, na kutoka nyuma ya mlango sauti ya chini ya Rukia ilikuwa ikisikika, ikihesabu, ikibembeleza, ikinyamaza. Asadi aliisikiliza amefumba macho. Somoe naye akafumba ya kwake. Hakujua walikaa hivyo kwa muda gani.

Mtoto alilia mara moja, kwa hasira. Bibi yake akafunika uso kwa ushungi. Mlango ukafunguliwa kidogo, Rukia akatokea, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, paji limelowa. Alitazama benchi kutoka mwanzo mpaka mwisho, macho yakafika kwa Asadi, yakabaki hapo.

"Tangi limekauka," alimwambia. "Kisima kiko nyuma ya mivinje. Nahitaji ndoo mbili."

Asadi alinyanyuka haraka. Alimpa Somoe furushi, akavua viatu, akachukua ndoo zilizokuwa chini ya dirisha, akashuka ngazi, kisha akasimama na kugeuka.

"Nipite kushoto, au kulia?" aliuliza.

"Kulia," Rukia alisema. "Kushoto kuna miiba."

Akapita kulia, kanzu ameikunja kwa mkono mmoja, ndoo zinagongana. Rukia alisimama mlangoni mpaka alipomwona ameipata njia, kisha akarudi ndani kwa binti aliyejifungua.